Nani anavuta nani? Retina iliyobanduka, kiputo cha gesi, na barabara ya kurudi Bukavu

Baba mdogo alikatazwa kupanda ndege. Hilo tulilisikia sote watatu tuliokuwa chumbani siku aliyoruhusiwa kutoka hospitalini: yeye mwenyewe, mke wake, na mimi niliyewasindikiza hadi Kigali. Jicho lake la kulia lilikuwa limefanyiwa operesheni ya retina, na ndani yake walikuwa wamejaza gesi. "Msipande ndege," tukaambiwa, basi. Fedha ya ndege hatukuwa nayo hata hivyo. Tukakata tiketi za basi, kama tulivyozoea watu wa Bukavu.

Ndani ya msitu wa Nyungwe, barabara ikiwa bado inapanda, alianza kushika paji la uso. Akasema jicho linajaa. Kisha akatapika. Abiria wakasema ni kona, na kweli kona za Nyungwe zimewatapisha wengi. Mama mmoja akampa ndimu anuse. Yeye akaninong'oneza kwamba hata ule mwanga mdogo aliokuwa akiuona kwa jicho lile umezimika. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Kamembe maumivu yakapungua, na tulipovuka mto Ruzizi mpakani jioni mwanga ulikuwa umerudi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kanuni inayoeleza kilichompata ninaiandika ubaoni kila mwaka. Siku ile tulikuwa nayo ndani ya basi na sikuitambua, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Huku nyumbani, Bagira, maneno yakawa mengi kuliko dawa. Kwa siku saba baba mdogo alilala kifudifudi na hata kula alikula ameinamisha uso, kama alivyoagizwa. Jirani mmoja akadhani amewekewa nadhiri. Mwingine akaapa kwamba mafundi wa macho humtoa mtu jicho, wakalisugua kwenye sahani, wakalirudisha. Shangazi akauliza kwa nini hawakumpa matone tu. Na jina la ugonjwa, ambalo dokta alilitamka kwa Kifaransa, likafika sokoni likiwa "dekolema", kila mtu akalipa maana yake.

Dekolema maana yake ni kubanduka. Kitu kilichokuwa kimelala juu ya kingine kimeachia. Ukitaka kuelewa ugonjwa huu, operesheni yake na masharti yake yote ya ajabu, swali la kuuliza ni hili: ndani ya jicho, nani anavuta na nani anashikilia?

Jicho la mbuzi

Siku utakaponunua kichwa cha mbuzi soko la Kadutu, usitupe macho. Chukua moja, lioshe, libonyeze kwa vidole. Linarudisha nguvu, kama mpira mdogo uliojazwa vizuri. Jaribu kulikata kwa kisu butu: utatoka jasho. Ukishafaulu, ndani kutamwagika kitu kizito kinachong'aa, kisicho na rangi, kama ute wa yai bichi. Nyuma yake, ukiwa umelazwa ukutani, kuna utando mwembamba wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Uguse kwa ncha ya kijiti. Unaachia mara moja na kuelea, isipokuwa pahali pamoja tu, pale unapoungana na mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo.

Umeshawaona wahusika wetu watatu. Wa kwanza ni ukuta mweupe, ambao madaktari huuita sklera. Wa pili ni ute. Wa tatu, ule utando, ndio retina: inapokea mwanga na kuugeuza kuwa habari kwa ubongo. Katikati yake kuna kisehemu kidogo tunachotumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kuingiza uzi kwenye sindano. Nitakiita kitovu.

Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi. Ukuta wake kwa nyuma unakaribia milimita moja. Retina haifiki hata theluthi ya milimita. Ute ni mililita 4 hivi, hazijazi kijiko cha chai, na karibu wote ni maji; kinachoufanya usimwagike kama maji ni nyuzi nyembamba mno za kolajeni zilizotandazwa ndani yake, pamoja na kitu kingine kinachoshika maji kama sifongo.

Sisi wa fizikia tukitaka kujua ugumu wa kitu tunakivuta, tunapima kimerefuka kiasi gani. Kwa kipimo hicho ukuta wa jicho ni mgumu kuliko retina zaidi ya mara mia, na retina nayo ni ngumu kuliko ute mara nyingi. Utando laini umelazwa kati ya ngozi ngumu na uji mwepesi. Taabu nyingi za retina zinaanzia hapo.

Sasa, mbona retina ya mbuzi imeachia kirahisi hivyo? Kwa sababu haikuwahi kugandishwa. Imefungwa kwa uimara sehemu mbili tu: kwenye mshipa wa fahamu, na kwenye ukingo wake wa mbele. Pengine pote imelala tu. Chini yake kuna safu ya seli nyeusi zinazofyonza maji mchana na usiku, na kufyonza huko ndiko kunakoilaza. Tandaza karatasi ya plastiki juu ya meza iliyolowa, uifinye hewa yote itoke, halafu jaribu kuinyanyua ikiwa bapa. Inakataa. Lakini inua kona moja, maji au hewa viingie chini, uone inavyokufuata. Mbuzi akishachinjwa, seli zile zinaacha kufyonza, na mshiko unaisha. Kwa mtu aliye hai zinafanya kazi maisha yote, na zinashinda, ilimradi pasitokee kona ya kuinukia.

Bidoni isiyojaa

Kona hiyo huinuliwa na ute.

Utotoni ute ni mzito na umejaa kila pembe, umeshikamana na retina. Miaka inavyopita unayeyuka kidogo kidogo: nyuzi zinakusanyika mafungu, maji yanajitenga. Kila aliyewahi kupandisha maji kutoka mtoni anajua tofauti ya bidoni iliyojaa na bidoni iliyofika nusu. Iliyojaa ni nzito lakini imetulia. Ya nusu inakuyumbisha: unageuka kushoto, maji yanachelewa, halafu yanakuja kwa kishindo na kukusukuma. Na jicho halitulii. Unaposoma mstari huu linaruka mara kadhaa kila sekunde, na kila mruko ukuta unatangulia, ute unafuata nyuma ukivuta pale uliposhika.

Kwa watu wengi, kati ya miaka 50 na 70, ute unajibandua wenyewe kutoka nyuma ya jicho. Hili ni jambo la umri, si ugonjwa, kama mvi. Mtu anaanza kuona nukta, nyuzi au vitu kama buibui vinavyoogelea mbele yake na kukimbia akivitazama. Wanaosema Kifaransa huviita inzi wanaoruka. Ni mafungu ya nyuzi za ute yakiangusha kivuli juu ya retina. Huku kwetu wengi wanaamini ni mdudu aliyeingia jichoni. Mdudu wa jicho kweli yupo katika misitu ya magharibi na kaskazini mwa nchi yetu, Kongo, lakini huyo hupita juu ya weupe wa jicho, na mwenzako anaweza kumwona. Vivuli vya ute unaviona wewe peke yako.

Pamoja na nukta huja vimulimuli, hasa gizani, pembeni mwa jicho. Nimesikia watu wakivisimulia kwa hofu kubwa, kama ishara kutoka kwa wafu. Retina inajua kusema neno moja tu, nalo ni mwanga. Iangazie, itasema mwanga. Ivute, itasema mwanga vilevile. Kimulimuli ni retina ikilalamika kwamba inavutwa.

Mara nyingi ute unamaliza kujibandua kwa amani. Lakini kuna pahali uling'ang'ania kupita kiasi, labda kwenye mshipa wa damu, labda kwenye kovu la zamani, na hapo badala ya kuachia unachana. Kati ya watu wanaomfikia daktari wakiwa na nukta na vimulimuli vya ghafla, takriban mmoja kati ya saba hukutwa retina yake imeshachanika.

Fikiria turubai, ile bashi tunayoitandika juu ya kibanda. Likiwa zima, upepo unapita juu yake tu. Kamba ikilivuta hadi lichanike, upepo unaingia kupitia mchaniko na kulibeba lote. Ndani ya jicho, upepo ni yale maji yaliyojitenga na ute. Yanapita kwenye tundu, yanajaa nyuma ya retina, na seli zinazofyonza zinazidiwa. Mgonjwa anaona pazia jeusi likiingia kutoka upande mmoja. Haumwi. Hakuna wekundu wala tongo. Ndiyo maana watu wanangoja.

Baba mdogo alingoja majuma matatu. Aliambiwa na watu wema kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho huachwa aive kwanza. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, kule mbele, na kweli unaweza kusubiri miezi pasipo hasara kubwa. Retina haisubiri. Ikiachana na zile seli nyeusi inakosa chakula, na pazia likifika kwenye kitovu, kila siku inayopita inapunguza kitakachorudi. Leo retina yake imelala vizuri, na kwa jicho lile anasoma herufi kubwa za bango tu. Angekwenda siku pazia lilipoonekana pembeni, nina hakika angekuwa bado anasoma Biblia yake kwa macho mawili.

Kwa hiyo nukta nyingi za ghafla, vimulimuli vipya, au pazia: mtafute daktari wa macho siku hiyohiyo. Na ujipime kwa kuziba jicho moja, halafu jingine. Jicho zima huficha ubovu wa mwenzake kwa ustadi mkubwa. Matone, ya dukani au ya majani, hayafiki huko nyuma. Ya majani yanaweza kuunguza kioo cha mbele na kukuongezea ugonjwa wa pili.

Mama zetu wa mizigo, wanaopandisha magunia kwa kamba ya kipajini, wameniuliza kama mzigo ndio unaobandua. Kinachobandua ni ute unaovuta, na mzigo wa mgongoni hauushiki ute moja kwa moja. Ningeogopa zaidi vitu viwili. Kimoja ni jicho refu: wale wasioona mbali, wenye miwani mizito, jicho lao limerefuka kwenda nyuma, na kila milimita moja ya ziada ni kama dayopta 3 (kipimo cha nguvu ya miwani). Retina yao imetandazwa kama shuka fupi juu ya godoro refu, na shuka lililovutwa hivyo huchanika upesi. Cha pili ni pigo. Vijana wanaovunja mawe ya volkeno kule Goma, mafundi garaji wanaogonga chuma juu ya chuma bila miwani ya kinga: kipande kidogo kinapenya, tundu la ukutani linajifunga, jicho linaona. Majuma kadhaa baadaye kovu lililoota ndani ya ute linajikunja na kuvuta retina. Jicho lililotobolewa linahitaji kuangaliwa hata kama leo linaona vizuri.

Kwado na dongodongo

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 retina iliyobanduka ilikuwa hukumu. Walichokuwa nacho madaktari ni kumlaza mgonjwa kitandani majuma na majuma, macho yamefungwa, kichwa kimebanwa asitikisike. Akilala tuli, maji yalipungua kweli, akiinuka, yakarudi. Mswisi Jules Gonin, wa Lausanne, ndiye aliyeshikilia kwamba mkosaji ni tundu. Lizibe tundu, retina italala. Wenzake walimpinga kwa miaka, naye akaendelea kuyatafuta matundu na kuyaunguza kingo kwa moto, hadi miaka ya 1920 matokeo yake yakawanyamazisha. Kila operesheni ya siku hizi ni mtoto wa wazo hilo.

Kuna njia ya kutokea nje. Ikiwa mbuzi amefungwa kamba fupi na inamnyonga, unaweza kukata kamba, au unaweza kusogeza kigingi. Daktari anashona mkanda wa silikoni juu ya ukuta mweupe, unaukandamiza uingie ndani, ukuta unaikaribia retina na mvuto wa ute unalegea. Njia hii ya miaka ya 1940 na 1950 bado inatumika, hasa kwa vijana ambao ute wao bado mzito.

Njia ya pili ni kukata kamba, yaani kuutoa ute. Robert Machemer, akiwa Miami, ndiye aliyeanzisha operesheni hii mwaka 1970, baada ya kujizoeza kwa ute wa yai. Ugumu wake utauelewa haraka kama umewahi kupakua dongodongo, ile bamia yetu. Ukiinua mwiko, uzi unafuata. Ukivuta, sufuria nzima inataka kuja. Unachofanya ni kuukata uzi ukingoni kabla hujainua. Ute nao ukifyonzwa bila kukatwa unakuja na retina. Kwa hiyo chombo kinachoingizwa kina kisu kidogo mdomoni kinachokata kabla ya kumeza. Vya kwanza vilikata taratibu, na kila tonge lilikuwa mvuto. Vya leo vinakata mara 5,000, hata 10,000 kwa dakika. Tonge ni dogo mno kiasi kwamba retina haisikii kuvutwa.

Vinaingilia wapi? Kupitia matundu matatu, kila moja karibu nusu milimita, kwenye ukuta mweupe, milimita 4 hivi nyuma ya kioo cha mbele, mahali pasipo na retina. Jicho halitoki mahali pake. Nimewaeleza majirani hivyo zaidi ya mara moja, na nitaendelea kuwaeleza.

Ute ukishatoka, kingo za tundu zinachomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali. Watu wengi hudhani leza ndiyo gundi. Leza inaweka jeraha, na jeraha likipona ndilo linaloshika, nalo linataka siku 10 hadi 14. Nani atashikilia retina siku zote hizo? Mtazame kwado wa pale Nyawera akiziba pancha. Anapaka solisyo, anaweka kiraka, halafu anakandamiza. Mkono wake hauzibi tundu. Unangojea solisyo ishike. Kiputo cha gesi ni mkono wa kwado.

Na kwa nini gesi? Kwa sababu gesi ina ngozi. Umemwona mdudu akitembea juu ya maji bila kuzama: uso wa maji unapokutana na hewa unakazana kama ngozi. Ngozi ya kiputo ni ngumu kiasi kwamba haiwezi kupenya kwenye tundu la retina. Inaliziba, maji mapya hayapiti, na seli nyeusi zinafyonza yaliyobaki nyuma. Pia gesi huelea. Sasa utaelewa kulala kifudifudi: tundu likiwa nyuma ya jicho, sehemu ya nyuma inakuwa juu pale tu uso unapoangalia chini, na kiputo kinapanda kwenda kukandamiza hapo. Mwenye tundu upande wa juu huambiwa akae wima. Mwingine alalie ubavu. Hakuna nadhiri hapo. Ni kuweka tundu mahali kiputo kitakapofika.

Zipo gesi mbili zinazotumika zaidi. Moja inakaa majuma mawili hivi, nyingine inaweza kufika miezi miwili, na kadiri gesi inavyoisha maji ya jicho lenyewe yanachukua nafasi yake. Yapo pia mafuta ya silikoni, ambayo hayaondoki yenyewe. Mara nyingi baada ya miezi kadhaa mgonjwa anarudi kutolewa.

Operesheni inaweza kushindwa, na si lazima kwa uzembe wa mtu. Seli zilizotoroka kupitia tundu zinatua juu ya retina, zinafuma utando, na utando unajikunja. Retina inakakamaa kama jani la mgomba lililokaukia juani. Hutokea kwa wagonjwa 5 hadi 10 hivi kati ya 100, na huhitaji operesheni nyingine. Utando wa namna nyingine, mwepesi zaidi, huota juu ya kitovu kwa wazee: fikiria ule unaofanyika juu ya uji unapopoa, jinsi unavyoukunjakunja uso wa uji ukiusukuma kwa kijiko. Mtu anaona mstari ulionyooka ukiwa na mawimbi. Daktari anaupaka rangi ya buluu ili auone, kisha anauambua kwa kibanio. Anafanya hivyo kwa mkono, juu ya kitu chembamba kuliko kipande cha kitunguu, na kila nikifikiria kazi hiyo nashusha pumzi.

Kisukari kinastahili neno lake. Watu wanasema "sukari inaharibu macho" kana kwamba ni sumu inayomwagika. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo ya retina inaziba, retina inakosa hewa, na inaomba mishipa mipya. Mipya ni dhaifu, nayo inapanda juu ya ute kama maharagwe yetu ya milimani yanavyopanda mti. Inavuja damu. Kisha kovu linaisindikiza, linakauka, linavuta retina bila hata kuichana. Ugonjwa wa SS, yaani selimundu, nao unaweza kuleta mishipa kama hiyo. Ndiyo maana mara nyingine daktari anautoa ute wa mgonjwa wa kisukari: akiung'oa mti, maharagwe hayana pa kupanda. Lakini leza ya mapema inaweza kuzuia yote hayo, na kwa hilo mwenye kisukari anahitaji kupimwa retina kila mwaka hata akiona vizuri kabisa.

Sasa turudi Nyungwe

Chupa ya maji uliyoimaliza na kuifunga kwa nguvu hapa Bukavu, ukiteremka nayo hadi Uvira utaikuta imebonyea. Pakiti ya chipsi iliyofungwa pwani inafika kwetu imevimba kama ngoma. Hewa ya juu ni nyepesi, inakandamiza kidogo. Gesi iliyofungwa inapata nafasi ya kukua. Ndiyo kanuni ninayoifundisha: presha ikipungua, gesi inatanuka kwa kiasi hichohicho.

Kigali na Bukavu ziko karibu usawa mmoja, mita 1,500 hivi, ambapo hewa inakandamiza kwa takriban asilimia 83 ya ile ya Dar es Salaam. Barabara ya Nyungwe inapanda hadi karibu mita 2,500, na huko inashuka kwenye asilimia 75 hivi. Kiputo kinataka kukua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kama ni mililita 3, kinatafuta nafasi ya theluthi hivi ya mililita.

Unaweza kusema ni tone tu. Hapa ndipo ukuta mweupe, yule mgumu wa jicho la mbuzi, anapogeuka kuwa adui. Pulizo lingetanuka. Mpira wa ngozi uliojaa tayari hautanuki. Ukiuongezea pampu mbili unakuwa jiwe. Sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho huwa na mililita 0.05 tu, na hata hizo hupandisha presha ya jicho kwa dakika kadhaa. Kiputo kinapodai mara sita hivi ya hapo, presha inapanda, inakuja maumivu na kutapika, na ikizidi inaubana mshipa unaoleta damu kwenye retina. Mwanga unazimika. Ikidumu, unazimika moja kwa moja.

Ndege ndani yake huwekewa hewa kama ya mlima wa mita 2,000 na zaidi, na ndiyo sababu inakatazwa. Yule aliyetuambia tusipande ndege alisema kweli. Lakini jicho halijui kama limepandishwa na ndege au na basi. Watu wa Goma wanaorudi kwa njia ya Musanze nao wanapita juu ya mita 2,000. Aliyetibiwa pwani ana tatizo kubwa zaidi: kwake kuna kukua kwa sehemu moja ya tano, na akifika Bukavu hateremki tena. Kutoka Bukavu kwenda Goma kwa meli, ziwa ni tambarare. Upande huu hakuna shida.

Kwa hiyo kabla ya operesheni mwambie daktari unakaa wapi na utarudi kwa njia ipi, hata asipouliza. Muulize ni gesi au mafuta, na ikiwa ni gesi, itakaa siku ngapi. Mafuta hayatanuki mlimani, na kwa mtu asiyeweza kubaki mjini majuma kadhaa daktari anaweza kuyapima kama chaguo. Kama ni gesi, baki karibu hadi iishe. Na ikitokea operesheni nyingine yoyote katika siku hizo, hata ya jino au ya uzazi, anayelaza usingizi lazima ajue, kwa sababu gesi moja ya usingizi, protoksidi ya azoto, huingia ndani ya kiputo na kukivimbisha.

Kuisha kwake mgonjwa anakuona mwenyewe. Baba mdogo alianza kuona mstari unaocheza kila anapotembea, kama maji ndani ya beseni. Kiputo kilikuwa juu ya jicho, lakini picha ndani ya jicho huwa imegeuzwa, kwa hiyo yeye alikiona chini, na kila asubuhi mstari ulikuwa umeteremka kidogo. Nilimwomba achore penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, alama moja kwa siku, na akafanya hivyo kwa uaminifu. Siku ya 19 hapakuwa na mstari tena, bali gololi moja iliyokuwa ikibingirika chini ya kila alichotazama. Baada ya siku mbili nilikuwa darasani aliponipigia simu.

"Mwalimu," akasema, "maji yamejaa."